Jinsi ya kupiga hesabu ya nchi inayojitoa kwenye jumuiya: Brexit kama somo

Mwaka 2016 basi jekundu la kampeni ya kujitoa lilizunguka Uingereza likiwa limeandikwa ubavuni kwamba pauni milioni 350 zinakwenda Umoja wa Ulaya kila wiki. Zidisha kwa wiki 52, unapata pauni bilioni 18.2 kwa mwaka. Karibu kila mjadala wa kujitoa kwenye jumuiya, uwe Ulaya au Afrika, huanza na hesabu ya namna hii, na mara nyingi huishia hapohapo. Ada ya uanachama ni mstari mmoja tu wa jedwali, tena mdogo. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kujaza mistari mingine. Ni kwa mwandishi wa habari, mwanafunzi, afisa wa wizara au mfanyabiashara anayetaka kujua kujitoa kunagharimu nini hasa. Tunatumia Brexit, yaani Uingereza kujitoa kwenye Umoja wa Ulaya baada ya kura ya Juni 2016, kwa sababu takwimu zake ziko wazi na zimeshakaa miaka ya kutosha.

Fungua jedwali lenye safu nne: gharama yenyewe, kiasi, ni ya mara moja au ya kila mwaka, na nani anailipa. Safu ya nne ndiyo watu huisahau, na ndiyo inayoeleza kwa nini wavuvi wa Uskoti walipeleka malori yao hadi katikati ya London Januari 2021.

Anza na ada, uimalize haraka

Chukua mchango wa jumla. Toa punguzo, kwa sababu Uingereza ilikuwa na punguzo alilolipigania Margaret Thatcher hadi akalipata Fontainebleau mwaka 1984, na fedha hizo hazikuwa zikitumwa Brussels, makao makuu ya Umoja wa Ulaya, kabisa. Kisha toa zinazorudi: ruzuku za wakulima, fedha za maeneo yenye kipato duni kama Cornwall na sehemu za Wales, na fedha za utafiti wa vyuo vikuu. Kwa Uingereza kilichobaki kilikuwa takribani nusu ya ile namba ya kwenye basi.

Usifunge mstari huo bado. Nchi ikishatoka, kuna kazi zilizokuwa zikifanywa na jumuiya ambazo lazima izifanye yenyewe. Uingereza ilibaki na wakulima wa kulipa na ikalazimika kuanzisha rejista yake ya kemikali. Kuanzia Januari 2024 ilirudi kwenye Horizon, mpango wa utafiti wa Umoja wa Ulaya, safari hii kwa kulipia kama mshirika wa nje. Gharama hizi zipunguze kutoka kwenye akiba ya ada.

Orodhesha matabaka, kisha uliza lipi limeondolewa

Jumuiya ina matabaka, na kila tabaka lina bei yake. La chini ni eneo huru la biashara, ambamo wanachama hawatozani ushuru. Juu yake upo umoja wa forodha: wanachama wana ushuru mmoja kwa bidhaa za nje, kwa hiyo mzigo ukishaingia hakuna anayeuliza ulitengenezwa wapi. Halafu soko la pamoja, ambamo watu, mitaji na huduma vinapita na viwango vya ubora ni vilevile. Mwisho ni sarafu moja. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza umoja wa forodha mwaka 2005 na soko la pamoja mwaka 2010; sarafu bado.

Uingereza haikuwahi kuwa kwenye yuro. Ilitoka kwenye soko la pamoja na umoja wa forodha, kisha kwa mkataba uliosainiwa tarehe 30 Desemba 2020 ikarudishiwa tabaka la chini: ushuru sifuri, bila ukomo wa kiasi, kwa bidhaa zinazokidhi kanuni za uasili, yaani zinazoamua bidhaa ihesabiwe imetengenezwa nchi gani. Ndiyo maana ukitafuta gharama ya Brexit kwenye ushuru utaipata kidogo tu. Ipo kwenye makaratasi.

Zoezi hili la matabaka linakuokoa usikimbilie kufananisha visivyofanana. Mali, Burkina Faso na Niger zilitoka ECOWAS, jumuiya ya uchumi ya Afrika Magharibi, tarehe 29 Januari 2025, lakini zimebaki kwenye umoja wa faranga ya CFA, ambao nao una umoja wake wa forodha. Kwa hiyo gharama yao anza kuitafuta mpaka wa Niger na Nigeria kabla ya kwenda mpaka wa Burkina Faso na Côte d'Ivoire. Tanzania nayo ilipotoka COMESA, soko la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika, mwaka 2000 ilikuwa tayari ina uanachama wa SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika, wa kuegemea. Anayetoka akiwa na mlango mwingine wazi halipi sawa na anayetoka na kufunga yote.

Simama mpakani na lori moja

Hesabu za trilioni hazieleweki mpaka umefuata mzigo mmoja. Chukua lori la nyama ya kondoo kutoka Wales kwenda Ufaransa. Kabla ya 2021 lilihitaji ankara, hati ya dereva na tiketi ya feri. Baada ya hapo yanatakiwa haya:

- namba ya usajili wa forodha ya mwuzaji, na ya mnunuzi kwa upande wake;
- namba ya HS (namba ya kimataifa ya kuainisha bidhaa) ya kila aina ya bidhaa iliyomo;
- tamko la kuuza nje upande wa Uingereza, na tamko la kuagiza upande wa Ufaransa;
- tamko la usalama wa mzigo;
- cheti cha afya kilichosainiwa na daktari wa mifugo aliyeidhinishwa, kikiwa pia katika lugha ya nchi mzigo unakoingia;
- taarifa ya awali kwenye mfumo wa Umoja wa Ulaya kabla lori halijafika;
- tamko la uasili, ili mnunuzi asitozwe ushuru;
- kupita kwenye kituo cha ukaguzi wa mifugo na mazao, si mlango wowote wa bandari.

Kosa la tarakimu moja kwenye cheti linatosha kulizuia lori. Na likiwa ni lori la mchanganyiko, lenye mizigo ya watu kumi, kosa la mmoja linawazuia wengine tisa, na samaki hawana habari kwamba kuna foleni. Bidhaa nyingine hazipiti hata makaratasi yakiwa safi: soseji mbichi iliyopozwa hairuhusiwi kuingia Umoja wa Ulaya kutoka nje, lazima igandishwe, na kome au chaza hai wa maji ya daraja B, yaani yasiyo safi kabisa, walizuiwa mpaka wasafishwe kwanza. Kanuni hizi hazikutungwa kuiadhibu Uingereza. Zilikuwepo siku zote kwa nchi za nje, na Uingereza ilikuwa mezani zilipokuwa zikipitishwa.

Sasa weka namba. Mei 2018 mkuu wa mamlaka ya kodi ya Uingereza wakati huo, Jon Thompson, aliwapa wabunge hesabu ambayo unaweza kuinakili kama kiolezo. Matamko ya ziada kwa mwaka: takribani milioni 200. Gharama ya kujaza tamko moja: pauni 32.50. Zidisha: pauni bilioni 6.5. Kila mzigo unaotoka upande mmoja unaingia upande wa pili, kwa hiyo zidisha mara mbili: bilioni 13. Ongeza bilioni kadhaa za kuthibitisha uasili, unafika kati ya bilioni 17 na 20 kwa mwaka. Ilikuwa makadirio ya mfumo mmoja uliokuwa unajadiliwa, na mamlaka yenyewe baadaye ilitoa namba tofauti kidogo, lakini njia ndiyo hiyo: idadi ya matamko, mara bei ya tamko, mara pande mbili.

Wastani huo unaficha jambo kubwa zaidi. Tuseme makaratasi ya shehena moja yanagharimu pauni 300. Kwa lori la bidhaa za pauni 40,000 hiyo ni asilimia 0.75, mwenye lori atanung'unika kisha ataendelea. Kwa mtengeneza jibini anayetuma boksi la pauni 600 ni nusu ya bei ya mzigo, na huyo anaacha. Gharama isiyobadilika kwa kila shehena ni ushuru kwa mdogo. Watafiti wa London School of Economics walikadiria kwamba biashara zipatazo 16,400 za Uingereza ziliacha kabisa kuuza bidhaa Umoja wa Ulaya baada ya mkataba kuanza. Kampuni kubwa ziliajiri mawakala wa forodha zikasonga mbele. Ukiangalia jumla ya mauzo peke yake utaona kushuka kwa wastani, wala hutawaona waliokufa. Kwa hiyo tafuta pia idadi ya wauzaji.

Upande wa kuagiza, Uingereza iliahirisha ukaguzi wake mara kadhaa kwa kuhofia bei ya chakula. Vyeti vilianza kudaiwa tarehe 31 Januari 2024, ukaguzi wa macho na mikono tarehe 30 Aprili mwaka huohuo, pamoja na tozo ya hadi pauni 29 kwa kila aina ya bidhaa, isiyozidi pauni 145 kwa shehena, kwa mizigo inayopita bandari ya Dover na njia ya chini ya bahari. Fundisho kwa mpiga hesabu: gharama haziingii siku moja. Andika tarehe kwenye kila mstari.

Uasili wa bidhaa, mahali pa kuteleza

"Ushuru sifuri" maana yake ni sifuri kwa bidhaa iliyotengenezwa kwenye nchi husika. Kuibeba kwenye ghala na kuitoa tena hakuifanyi kuwa yako. Marks & Spencer, kampuni ya maduka ya Uingereza, walikuwa na pipi maarufu za Percy Pig zinazotengenezwa Ujerumani, zinahifadhiwa Uingereza, kisha zinapelekwa kwenye maduka yao Ireland. Pipi imezaliwa ndani ya Umoja wa Ulaya na inakwenda kuliwa ndani ya Umoja wa Ulaya, lakini kwa kuwa imelala usiku kadhaa Uingereza bila kufanyiwa kazi yoyote, inaporudi inaweza kudaiwa ushuru. Kila biashara ya ghala la kati iliguswa hivyo.

Na mkono huo ulifika hadi Naivasha. Kenya ilisaini mkataba wake na Uingereza Desemba 2020 ili maua yaendelee kuingia bila ushuru. Lakini maua mengi hayaendi moja kwa moja: yanapita mnada wa Uholanzi kwanza. Zamani Uholanzi na Uingereza zilikuwa ndani ya forodha moja, njia haikuwa na maana. Baada ya kujitoa, ua lililopita nchi ya tatu lingeweza kutozwa asilimia 8, hadi Uingereza iliposimamisha ushuru huo Aprili 2024. Kwa hiyo unapoorodhesha walioumia, usiishie kwa nchi iliyotoka na jumuiya iliyobaki. Tafuta jirani aliyekuwa akipitia hapo.

Linganisha na nchi ambayo haipo

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Gharama ya kujitoa si tofauti ya mwaka jana na mwaka huu. Ni tofauti kati ya nchi ilivyo na ambavyo ingekuwa kama ingebaki, na hiyo ya pili hakuna aliyeiona. Lazima uitengeneze.

Njia inayoeleweka zaidi ni ya kuunda pacha. Hatua zake:

Chagua nchi kumi hadi ishirini na kitu ambazo hazikujitoa popote na uchumi wake unafanana kiasi na unaoupima. Chukua pato la taifa la kila robo mwaka, kutoka robo ya kwanza ya 2009 hadi ya pili ya 2016, jumla robo 30, yote yakiwa kwa bei zisizobadilika na yakianzia 100. Tafuta uzito wa kila nchi, uzito wote ukijumlika uwe 1, mpaka mchanganyiko wako ufuate mstari wa Uingereza karibu sawasawa kwa robo zote 30. Eksel inaweza kuifanya kazi hiyo kwa zana yake ya kutafuta jibu bora. Programu ya takwimu ya R ina vifurushi tayari. Kisha acha pacha aendelee mbele baada ya Juni 2016 kwa uzito uleule, bila kuugusa. Pengo kati ya mistari miwili ndilo kadirio lako.

John Springford wa taasisi ya utafiti ya Centre for European Reform alifanya hivyo akitumia kapu la nchi 22, na kwa robo ya pili ya 2022 akakuta pato la Uingereza liko asilimia 5.5 chini ya la pacha wake, uwekezaji asilimia 11 chini, na biashara ya bidhaa asilimia 7 chini.

Panapoharibika ni hapa. Kwanza, tarehe ya kuanzia. Ukianza Januari 2021 umechelewa miaka minne na nusu: pauni ilianguka usiku wa kura wenyewe, kutoka karibu dola 1.50 hadi chini ya 1.33, na wawekezaji wakakunja mikono tangu wakati huo. Hasara ilianza kabla ya forodha kubadilika hata nukta. Pili, nchi za kapuni. Pato la Ireland linavimbishwa na makampuni ya nje yanayoandikisha faida huko. Ukiipa uzito mkubwa, pacha atanenepa bila kula. Tatu, Covid. Kila nchi ilifunga kwa namna yake na kupima huduma za afya kwa namna yake, hivyo pengo la 2020 peke yake lisikushawishi. Kwa ukaguzi, rudia zoezi lote ukijifanya Ubelgiji au Kanada ndiyo iliyojitoa. Ukipata pengo kubwa kama la Uingereza kwa nchi ambayo haikutoka popote, mashine yako ni mbovu.

Taasisi huru ya bajeti ya Uingereza, OBR, imekuwa ikitumia kadirio la kwamba tija ya muda mrefu itakuwa asilimia 4 chini kuliko kama nchi ingebaki, na biashara ya kuuza na kuagiza asilimia 15 chini. Usijumlishe hizo mbili. Ya pili ndiyo inayoizaa ya kwanza. Ukizijumlisha umemhesabu mtu na kivuli chake. Kosa hilohilo hufanywa na wanaojumlisha pengo la pacha na gharama za matamko ya forodha: za forodha zimo tayari ndani ya pengo. Hesabu ya lori inakuambia hasara inatokeaje, ya pacha inakuambia jumla yake.

Ukubwa wake? Pato la Uingereza la 2019 lilikuwa kama pauni trilioni 2.2. Asilimia 4 yake ni bilioni 88 kwa mwaka, athari zote zikishakamilika. Iweke kando ya ada halisi ya bilioni tisa hivi.

Mitego ya takwimu za biashara

Mauzo ya bidhaa za Uingereza kwenda Umoja wa Ulaya yalishuka asilimia 40.7 Januari 2021 ukilinganisha na Desemba 2020. Namba ni ya kweli, na kuitumia peke yake ni kupotosha, kwa sababu Desemba watu walikuwa wamejaza maghala wakihofia mpaka. Linganisha mwaka mzima na mwaka mzima, tena ukirudi 2018, maana 2019 nayo ilikuwa na kulimbikiza kwake kabla ya tarehe za kujitoa zilizoahirishwa.

Mtego wa pili ni bei. Mwaka 2022 wanasiasa walitangaza mauzo ya rekodi kwenda Ulaya. Sehemu kubwa ilikuwa mfumuko wa bei, na gesi iliyoshushwa kwenye bandari za Uingereza ikasukumwa kwa bomba kwenda bara wakati gesi ya Urusi ilipokatika. Ondoa mafuta na gesi, tumia thamani isiyo na mfumuko. Mtego wa tatu: ukusanyaji wenyewe wa takwimu ulibadilika, kutoka kwenye taarifa za kampuni hadi matamko ya forodha, kwa mauzo na uagizaji kwa nyakati tofauti. Linganisha pia na takwimu za upande wa pili za Eurostat, ofisi ya takwimu ya Umoja wa Ulaya, kabla ya kutangaza chochote.

Pande zote mbili za mizani

Andika faida kwa kalamu ileile. Huduma za Uingereza zimefanya vizuri kuliko wengi walivyotabiri, ingawa benki za London zilipoteza haki ya kuuza Ulaya nzima kwa leseni moja. Mikataba mipya nayo ihesabiwe, kwa namba za serikali yenyewe: ule wa Australia ulikadiriwa kuongeza pato kwa asilimia 0.08 kufikia 2035. Gawanya 4 kwa 0.08 uone ingehitajika mikataba mingapi ya aina hiyo. Hamsini.

Mgawanyo wa mali

Gharama za mara moja ziweke ukurasa wake. Uingereza ilikubali kulipa ahadi za zamani, zilizokadiriwa kati ya pauni bilioni 35 na 39, zikiwemo pensheni za watumishi wa Umoja wa Ulaya. Kuna na zisizotarajiwa: wakala wa dawa wa Ulaya ulihamishwa kutoka London kwenda Amsterdam, lakini ulikuwa na mkataba wa kupanga jengo Canary Wharf hadi 2039. Mwaka 2019 mahakama ya London ilisema kujitoa si sababu ya kuvunja mkataba. Kodi ya pango ikaendelea kudaiwa kwa jengo la mji ulioachwa.

Afrika Mashariki inalijua somo hili kwa undani. Jumuiya ya kwanza ilivunjika 1977, mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa hadi 1983, na shirika moja la ndege likawa matatu. Mpatanishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alipitia reli, bandari, ndege, posta na madeni kwa miaka, na mkataba ukasainiwa Mei 1984: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26. Injini za treni ziligawanyika. Haki za wafanyakazi hazikugawanyika kirahisi hivyo, na wastaafu wa upande wa Tanzania walikuwa bado wanadai miaka ya 2000 kwa kazi waliyoifanya kabla ya 1977. Kwa hiyo unapofungua ukurasa wa gharama za mara moja, mstari wa kwanza andika pensheni, na kwenye safu ya nne, nani analipa, usiandike "serikali" mpaka umeona kifungu cha mkataba kinachotaja ni serikali ipi.